Tuliyoyapata Mtandaoni Tulipofundisha Kiingereza



Mwaka huu wahariri wa jarida letu wametuomba tuandike juu ya darasa la Kiingereza la Jumamosi, ambalo sisi tumekuwa tukilisimamia tangu lilipoanza. Pengine walitegemea tueleze maendeleo yake. Maendeleo yapo, alhamdulillah. Lakini tumeona bora tueleze kosa letu, kwa sababu walioliona siku ile ya Maulidi ni wengi, na waliosikia nusu ya habari ni wengi zaidi.

Darasa lenyewe lilizaliwa na shida. Katika shule nyingi za serikali mtoto anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza anakuta jiografia, biolojia na hesabu zote zimegeuka Kiingereza. Wanafunzi wetu waliohifadhi juzuu tano na sita walikuwa wakirudi shuleni wameinamisha vichwa, na wengine wakiambiwa na wenzao kwamba madrasa ndiyo inayowachelewesha. Wazazi wakaenda kwa mudiri, naye mudiri akatuita sisi, kwa kuwa tulisoma stashahada ambayo vitabu vyake vingi vilikuwa vya Kiingereza. Ukweli ni kwamba stashahada yetu ni ya masomo ya Kiislamu. Kukisoma kitabu cha Kiingereza ni jambo moja, na kumfundisha mtoto Kiingereza ni jambo jingine kabisa. Hatukuwa na kitabu cha mwalimu wala hatukupitia kozi yoyote. Tulikuwa na ubao, simu na bando la wiki.

Basi tukaingia mtandaoni kama mtu aliyeingia sokoni na njaa, na mwenye njaa hachagui. Tulichukua kila kilichoonekana kizuri: orodha za vitenzi, michezo ya maneno, video za watu wanaotamka mbele ya kamera huku wakitabasamu. Katika hivyo vyote, kimoja kilitufurahisha kupita kiasi. Kilikuwa ukurasa wenye maneno arobaini ya Kiingereza yaliyosemwa kuwa yametoka katika Kiarabu. Earth, ulisema ukurasa ule, ni ardhi. Cave ni kahf, lile pango la Suratul Kahf. Tall ni twawiil. Na hapo hapo yakafuata algebra, sugar na cotton. Wasomaji wetu, hebu fikirini furaha ya mwalimu wa madrasa anapoliona jambo kama hilo! Watoto wanaoambiwa Kiarabu kinawachelewesha, kumbe Kiingereza chenyewe kimekopa huko. Tulinunua karatasi ya manila, tukaandika yote arobaini kwa wino mzito wa kijani, tukaibandika ukutani. Ilipofika Maulidi, binti mmoja wa darasa letu alisimama mbele ya wazazi akayasoma yote kwa kichwa, Kiingereza na Kiarabu chake, bila kukwama. Takbira zilipigwa. Kina mama walitoa vigelegele.

Baada ya chakula alitujia mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi, ambaye wajukuu zake wanasoma kwetu. Tukamwamkia, akaitikia, akatushika mkono akatuvuta pembeni karibu na birika la kutawadhia.

"Ustadhi, watoto wamesoma vizuri, mashaallah. Ile karatasi mmeitoa wapi?"

"Mtandaoni, mzee wetu."

"Mtandaoni kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Alitutazama kidogo, akasema wala hakutaka kutuudhi, ila yeye anavyojua earth ni ndugu wa neno la Kijerumani, na akatuomba tuangalie tena. Kisha akaenda kutafuta viatu vyake.

Usiku ule hatukulala mapema. Tuliurudia ukurasa ule na kwa mara ya kwanza tukaukagua badala ya kuusoma. Haukuwa na jina la mwandishi. Haukuwa na tarehe. Haukutaja kamusi hata moja. Tukaitafuta orodha ile ile kwingine tukaikuta katika kurasa saba, na mwanzoni tukapumua, maana mashahidi saba si haba. Mpaka tulipogundua kwamba kurasa zote saba zimekosea herufi moja katika neno lile lile, pahala pale pale. Yaani mmoja aliandika na sita wakanakili. Wanafunzi wetu wa darasa la hadithi wanajua hukumu ya jambo hili: njia zikiwa saba lakini zote zinarudi kwa mtu mmoja asiyejulikana, habari hiyo ina mtu mmoja asiyejulikana. Na aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kuhakikisha habari isije ikawadhuru watu, tumeifundisha wenyewe kila mwaka. Tuliifundisha tukiwaza habari za mitaani. Haikutupitikia kwamba orodha ya maneno nayo ni habari.

Ndipo tukatafuta pa kuhakikishia. Kwa asili ya maneno ya Kiingereza, kamusi kubwa kuliko zote ni ile ya Oxford, iliyoanza kuchapishwa kwa sehemu sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928, na iliyowekwa mtandaoni mwaka 2000. Kwa kila neno inaonyesha maandishi ya zamani yaliyolitumia, pamoja na mwaka wake. Sehemu kubwa ya kamusi hiyo ni ya kulipia, na sisi si wa kulipia. Ipo nyingine ya bure, inayoitwa Online Etymology Dictionary, iliyokusanywa na Mmarekani mmoja, Douglas Harper. Huyu si profesa wa isimu, na tulisita mwanzoni. Lakini jina lake ameliweka wazi, na vitabu alivyotegemea amevitaja kimoja kimoja. Tukaona huyu angalau anasema amepokea kwa nani. Tukachukua na kamusi ya Merriam-Webster, ambayo nayo inaeleza asili ya maneno bure, tukaanza kupitia neno baada ya neno.

Mzee alikuwa amesema kweli. Earth lilikuwepo katika Kiingereza cha kale kabisa, na Wajerumani wanasema Erde, Waholanzi aarde. Ni neno la ukoo wao, limetokana na mama mmoja na hayo mengine, na kufanana kwake na ardhi ni kama watu wawili kufanana sura bila kuwa na undugu. Cave limepitia Kifaransa kutoka Kilatini, katika neno lenye maana ya kitu chenye uwazi ndani. Lugha za dunia ni nyingi na sauti ambazo mdomo wa binadamu unaweza kuzitoa zina kikomo, kwa hiyo kufanana kwa bahati hakukosekani. Mtaalamu hatosheki na kufanana. Anauliza neno lilisafiri kwa njia gani, lilipita mikononi mwa nani, na lilionekana lini kwa mara ya kwanza.

Na hapo ndipo tulipoyaona maneno ya kweli yaking'ara kuliko yale ya uongo. Algebra lina njia unayoweza kuifuata kwa kidole: Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr katika karne ya 9 huko Baghdad, na mwaka 1145 Robert wa Chester akakitafsiri kwa Kilatini nchini Hispania. Zero na cipher yote mawili yamezaliwa na sifr, ile ile sifuri yetu. Admiral limeanzia kwa amiri. Cotton ni qutn. Sugar limepitia sukkar, ingawa Waarabu nao walilipokea kutoka kwa Waajemi, na Waajemi kutoka India, jambo ambalo orodha yetu haikulisema kwa sababu halikuwa likiwapendeza walioiandika. Safari ndilo lililotuchekesha: limetoka Kiarabu likaja kwetu, na Waingereza wakalichukua kutoka kwetu, kwa hiyo katika njia ya neno hilo sisi Waswahili ni wapokezi. Katika maneno yote arobaini yalisalimika kumi na saba.

Sasa tuseme jambo ambalo si rahisi kuliandika. Tulishawishika kunyamaza. Mwenzetu mmoja, mwalimu mwema tunayemheshimu, alituambia: "Ustadhi, madhara yake ni nini? Watoto wamekipenda Kiarabu zaidi. Iacheni." Na kwa siku tatu nne tuliona maneno yake yana uzito. Waliojua ni sisi na mzee, na mzee si mtu wa kutangaza.

Lakini binti yule alikuwa ameshalipeleka neno shuleni. Mwalimu wake wa kidato cha pili alipokuwa akifundisha asili ya maneno, yeye alinyoosha mkono akasema earth ni Kiarabu. Mwalimu akasema hapana. Yeye akabisha, akasema, "Ustadhi wetu ametufundisha," na darasa zima likacheka. Habari hiyo tuliipata kwa mama yake, siyo kwake mwenyewe. Yeye hakutuambia, maana alidhani waliokosea ni wao.

Jumamosi iliyofuata tuliibandua manila mbele ya darasa. Tukawaambia kwamba tuliyoyafundisha mengine hayakuwa sahihi, na kwamba aliyekosea siye aliyebishana shuleni, ni sisi. Darasa lilinyamaza. Kisha binti yule yule akauliza, bila ubaya wowote:

"Ustadhi, kwa hiyo na mengine?"

Alikuwa na maana gani kwa mengine? Kiingereza, au yote tunayofundisha tangu alipoanza alifu na bee? Hatukumuuliza. Tulimwambia kwamba kuanzia leo kila tutakachokileta kutoka mtandaoni, mwanafunzi yeyote ana ruhusa ya kuuliza lile swali la mzee, kwa nani, na kama hatuna jibu hatutakifundisha siku hiyo. Wamelitumia swali hilo bila huruma tangu hapo.

Kwa ajili ya wazazi wanaotuuliza watoto wasome wapi, tutaje basi tunavyovitumia. Kwa maana ya maneno, kamusi za wanafunzi ni bora kuliko kamusi za wenye lugha. Kamusi ya Oxford ya wanafunzi asili yake ni kazi ya A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akiwafundisha Wajapani, na chapa yake ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1942. Ya Longman, iliyoanza 1978, inaeleza maana zake kwa kutumia maneno mepesi yapatayo 2000 tu, na kwa mtoto wa kidato cha kwanza hiyo ni rehema. Zote mbili ziko mtandaoni bure na zina sauti ya kusikiliza. Merriam-Webster ni kamusi ya kuaminika, lakini inafuata tahajia ya Kimarekani aliyoieneza Noah Webster katika kamusi yake ya mwaka 1828, na mtoto akiandika color mstari wa kwanza na colour mstari wa tatu, mwalimu wake hatamwelewa. Kwa masomo ya kusikiliza, BBC imekuwa ikifundisha Kiingereza redioni tangu 1943, na British Council, iliyoanzishwa 1934, ina kurasa za wanafunzi na nyingine za walimu. Tuliyoyakuta huko yana wenyewe, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Kwa kutafsiri hatujaona kinachoshinda kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, ambayo unaweza kuishika mkononi hata bando likiisha.

Kwa walimu wenzetu wanaotaka kujua isimu yenyewe, kipo kitabu cha bure cha Catherine Anderson wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kiitwacho Essentials of Linguistics, kilichotoka 2018 na kupanuliwa 2022. Tulikisoma kwa simu mwezi wa Shaaban mzima. Tulipofika mlango wa sauti tukahisi tumerudi nyumbani, maana mchoro wa mdomo, ulimi, meno na koo ni ule ule tunaouchora ubaoni kwenye somo la tajwid. Al-Khalil bin Ahmad alizipanga herufi kuanzia kooni kuja midomoni katika karne ya 2 Hijria, na Ibn al-Jazari akazihesabu makhraj 17. Jumuiya ya kimataifa ya fonetiki iliundwa Paris mwaka 1886, na jedwali lake la sauti liko mtandaoni, unabonyeza alama unasikia. Watoto wetu wanalielewa upesi kuliko tulivyotarajia.

Lakini hapa pana tatizo jingine ambalo si la ukweli na uongo. Kurasa nyingi za kufundisha matamshi zimeandikwa kwa sahihi kabisa, ila hazikuandikwa kwa ajili yetu. Moja inatumia somo zima kumfundisha msomaji kutoa sauti ya th kwa kutazama ulimi wake kwenye kioo. Mtoto wa madrasa anayesema thaa na dhaal kila jioni anaitazama video hiyo anacheka. Nyingine inawahimiza Waarabu watofautishe p na b, wakati sisi tuna paka na baba tangu utotoni. Shida zetu hatukuzikuta humo. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na ishirini. Sisi wenyewe tulifundisha ship na sheep kama somo la madda, kwamba moja ni fupi na ya pili ivutwe harakati mbili. Mpaka tulipozisikiliza katika kamusi mara nyingi ndipo tukasikia kwamba zinatofautiana hata katika mkao wa ulimi, wala si urefu peke yake. Na ipo shida moja ambayo tunadhani hakuna ukurasa wowote utakaoitaja: wanafunzi wetu wanaipigia qalqala ile d ya mwisho wa good na b ya job. Ni tajwid nzuri. Ni Kiingereza kibaya. Tumewaambia kila lugha ina adabu zake za kusimama.

Kitabu pekee tulichokipata kinachozungumza na hali yetu ni Learner English cha Michael Swan na Bernard Smith, chenye mlango mzima juu ya makosa ya wasemaji wa Kiswahili, na hicho si cha bure. Kwa hiyo mengine tunayaandika wenyewe katika daftari, kila Jumamosi, kosa baada ya kosa.

Wapo watakaouliza juu ya akili mnemba, hizi programu za kujibu maswali zilizoenea tangu mwishoni mwa 2022. Tumezijaribu. Zinatunga sentensi za mazoezi vizuri na hazichoki kuulizwa. Lakini tulipoiuliza mojawapo chanzo cha jambo fulani, ilitutajia kitabu chenye jina zuri na mwandishi wake, tukakitafuta kila mahali, na kitabu hicho hakipo duniani. Ukiiuliza kwa nani, inaweza kukutungia mtu. Mezani kwetu inakaa kama msaidizi wa kuandaa mazoezi, na ushahidi tunauchukua kwingine.

Manila mpya iko ukutani tangu mfungo sita. Ina maneno machache, na mbele ya kila neno tumeandika kamusi mbili zilizolithibitisha na jina la mwanafunzi aliyelihakiki. La mwisho kuongezwa ni magazine, kutoka makhaazin, maghala, ambalo ni mzizi mmoja na hazina yetu, na lilitufaa kwa kuwa tulikuwa tukijiandaa kwa jarida hili.

Wiki mbili zilizopita binti yule alitujia baada ya Alasiri na karatasi ya daftari mkononi.

"Ustadhi, mwaka juzi ulitufundisha kwamba news ni herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini."

Tulikumbuka. Tuliipata mahali fulani na tukaipenda.

"Nimeangalia kamusi mbili," akasema. "Ni new tu, imetiwa s ya wingi. Zamani waliiandika n-e-w-e-s, na Wafaransa nao wanasema hivyo hivyo kwao, mambo mapya."

Tukaichukua karatasi yake, tukaisoma, tukafungua simu tukahakiki. Kisha tukampa kalamu ya wino mzito aende akaandike mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.